Kazi Tunaipenda, Rosta Ndiyo Inayotumaliza

Hotuba kwa mafundi, madereva, mabaharia, wachimbaji na wasimamizi wao

Mwenyekiti, wasimamizi wa zamu, mafundi na ndugu zangu wote, na kina mama mliofuatana na waume zenu kuja kusikiliza jambo ambalo wenyewe hawalisemi nyumbani: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie uwiano wa kazi na maisha kwa wanaume walio kwenye kazi ambazo karibu wote ni wanaume. Niliposoma kichwa hicho cha habari, kuna mzee mmoja pale nyuma ametabasamu. Nimemwelewa. "Uwiano wa kazi na maisha" ni maneno yenye harufu ya ofisi ya kiyoyozi, na mtu anayeshuka kwenye kreni saa nane usiku hajioni humo. Basi tuyaweke kando maneno hayo, tuseme habari za rosta (ratiba ya zamu), ovataimu, usingizi, na mtoto anayekujua zaidi kwa simu kuliko kwa sura.

Wengi wanaokuja kuzungumza na watu kama nyinyi huja na uso wa msibani, kana kwamba mwanaume aliye machimboni, baharini au juu ya jukwaa la ujenzi hana raha yoyote na kazi yake. Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa usalama, nimekaa na wanaume hawa, na sikubaliani na wasemaji hao. Mtazame mchomeleaji akimaliza kiungo. Anapandisha barakoa, anagonga gamba kwa nyundo ndogo, anasugua kwa brashi ya waya, halafu kabla hajaenda popote anasimama kidogo anakitazama. Hakuna anayemlipa kwa ule muda wa kutazama. Ukimpita umwambie "hiyo imekaa," siku yake imetengenea. Dereva wa lori anaijua sauti ya injini yake kuliko daktari anavyoujua moyo wa mgonjwa. Hawa wanazipenda kazi zao, na nadhani mapenzi hayo ndiyo yanayotuzuia kuona zinavyowamaliza.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Kimarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza maswali mawili mbalimbali: ni lini ulijisikia vizuri kupita kiasi kazini, na ni lini ulijisikia vibaya kupita kiasi? Aliyetarajia kwamba jibu la pili lingekuwa la kwanza lililogeuzwa alikosea. Walipoeleza raha, watu walitaja kazi yenyewe: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa wajibu. Walipoeleza karaha, wakataja yaliyoizunguka kazi: sera za kampuni, usimamizi, mishahara, mazingira. Herzberg alikosolewa baadaye, na kwa haki, kwa sababu binadamu akifanya vizuri hujisifu mwenyewe na akiharibikiwa humtafuta wa kumlaumu. Hata hivyo jambo moja limebaki kwangu kama chombo cha kazi: mtu anaweza kuridhika kabisa na kazi yake na wakati huohuo akawa anaangamizwa na namna kazi hiyo ilivyopangwa.

Ndiyo maana lile dodoso la mwisho wa mwaka huwa linaniudhi. "Je, umeridhika na kazi yako? Zungushia namba moja hadi tano." Fundi anazungushia nne, ofisi inafurahi, grafu inapanda. Angeulizwa mkewe, au goti lake, pengine tungepata namba nyingine.

Tuje kwenye masaa.

Waashi mliomo humu mna haki ya kutembea kifua mbele, maana vita hii wenzenu walikuwemo tangu mwanzo. Tarehe 21 Aprili 1856, waashi wa mawe waliokuwa wakijenga Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliweka zana chini wakaandamana kwenda bungeni kudai siku ya kazi ya saa 8. Waliipata, na ujira haukupunguzwa. Ilipofika 1919, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipoanza tu, mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa juu ya jambo hilohilo kwa viwanda: saa 8 kwa siku, saa 48 kwa wiki. Kwa hiyo kijana akidai apumzike, msimwambie ameletewa mambo na kizazi cha simu. Ameyarithi kwa watu wenye mikono migumu kuliko yetu.

Sasa sikilizeni hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na ILO walitoa makadirio yao ya pamoja: mwaka 2016 pekee, watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Asilimia 72 ya vifo hivyo vilikuwa vya wanaume. Mtu wa saa 55 ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Na vingi vya vifo hivyo viliwakuta watu wa miaka 60 hadi 79, waliofanya kazi masaa hayo walipokuwa na nguvu zao. Yaani deni linakopwa leo, mdai anabisha hodi umeshastaafu. Kijana wa miaka thelathini na tano hawezi kuliona hili mwilini mwake, na mimi simlaumu.

Kuna mabaharia humu, hebu nishikieni hesabu hii. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unaipa kila nchi njia mbili za kulinda usingizi wenu. Ya kwanza ni kuweka ukomo wa kazi: isizidi saa 14 katika saa 24, wala saa 72 katika siku saba. Ya pili ni kuweka kima cha chini cha mapumziko: saa 10 katika saa 24, na saa 77 katika siku saba. Zinafanana mkizisikia hivi. Wiki ina saa 168. Toa 77. Zinabaki 91. Chini ya njia ya pili, baharia anaweza kufanya kazi saa 91 katika wiki moja na karatasi zikawa safi kabisa, mkaguzi akapanda melini, akasaini, akashuka. Tumetoka kusikia kwamba moyo unaanza kulalamika kwenye 55. Sheria hiyo imeandikwa na watu wenye nia njema, na ni bora kuliko kutokuwa na sheria, lakini msiniambie kwamba "tunafuata sheria" ni jibu la swali langu.

Na uchovu wa mtu mmoja hauishii mwilini mwake. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopanda mwamba huko Alaska mwaka 1989 na kumwaga mafuta baharini, wachunguzi wa Marekani waliutaja uchovu wa afisa aliyekuwa zamu kuwa miongoni mwa sababu.

Masaa lakini ni nusu ya hadithi. Kuna watu wanafanya masaa mengi na wako sawa, na kuna wanaofanya machache wanarudi nyumbani wamekunjamana kama tambara. Tofauti yao iko wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wengi wanapotea, wasimamizi wakiwa wa kwanza.

Mwaka 1951 watafiti Eric Trist na Ken Bamforth waliandika habari za machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth alikuwa amechimba makaa kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na mtu akisoma maelezo yao anaona. Zamani, wanasema, wachimbaji walifanya kazi katika vikundi vidogo. Mnachaguana wenyewe, mnajua kazi yote kuanzia kung'oa hadi kusukuma nje, mnapanga mwendo wenu, na mwenzako akiumia unaijua hata nyumba yake. Zikaja mashine na mpango mpya wa uso mrefu wa makaa, yaani ukuta mmoja mrefu unaochimbwa na watu wengi. Watu kama arobaini wakagawanywa katika zamu tatu, kila zamu na kipande chake: hawa wanakata, hawa wanahamisha mkanda, hawa wanapakia. Zamu ya tatu ikikuta zamu ya pili imeharibu, inarithi uharibifu na inalaumiwa kwa tani zilizopungua. Wale ambao jana walikuwa wakiaminiana maisha yao sasa wanatupiana maneno. Utoro ukaongezeka, magonjwa ya wasiwasi yakaingia, na uzalishaji haukufika walikotarajia mabwana wa mashine. Makaa ni yaleyale, wanaume ni walewale. Kilichoondoka ni kauli yao juu ya kazi. Halafu kwenye tabaka moja la makaa wachimbaji wakajipanga upya wenyewe, kikundi kizima kikabeba kazi nzima na kupokezana majukumu humohumo na mashine zikiwepo, na watu wakarudi kazini kwa hiari zao.

Mwaka 1979, mtafiti Robert Karasek alichukua takwimu za wafanyakazi wanaume wa Marekani na Sweden na kukuta jambo linalofanana. Kazi yenye presha kubwa haimvunji mtu kwa presha yenyewe. Humvunja presha inapokutana na kukosa uhuru wa kuamua. Mwenye presha na uhuru kwa pamoja, huyo mara nyingi ndiye anayeisifia kazi yake.

Nikiingia saiti siku hizi sianzi na kofia ngumu. Naanza na ubao wa rosta. Rosta ya wiki ijayo imebandikwa lini? Jumapili jioni? Basi najua hakuna baba hapa aliyeweza kumwahidi mtoto chochote kwa wiki hiyo. Je, watu wawili wakitaka kubadilishana zamu, wanamalizana wenyewe na kumjulisha nyapara, au lazima wapande ngazi tatu za ofisi wakaombe? Na kitabu cha kukabidhiana zamu kinasemaje? Mahali pengine nimekuta ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa "kila kitu sawa," "kila kitu sawa," "kila kitu sawa," na nikigeuza shingo naona pampu inavuja mpaka sakafu imeota kutu. Kwa nini? Kwa sababu muda wa kukabidhiana haulipwi. Zamu imeisha, basi la wafanyakazi linapiga honi, mtu anaandika maneno matatu akimbilie kiti. Anayeingia anakuta pampu. Ni ule mgodi wa 1951 tena, umepakwa rangi mpya.

Hapo sasa linakuja suala la wanaume wenyewe. Samahani kina mama, hapa nitasema na waume zenu.

Tumefundishwa kujikaza. Mimi sioni aibu kwa malezi hayo, yamejenga madaraja na kutuvusha kwenye njaa. Lakini wahenga hawakutuachia kujikaza peke yake, walisema pia mficha uchi hazai. Katika kazi zetu mtu anaficha mgongo, anaficha usingizi, anaficha kwamba usiku wa manane analala macho wazi. Anaogopa jina: fulani amelegea. Na msidhani ni huku kwenye vumbi tu. Mtafiti Erin Reid alichapisha mwaka 2015 uchunguzi wake wa kampuni moja ya washauri wa biashara, watu wa suti, ambako kila mtu alitakiwa awe tayari wakati wowote. Akakuta takriban asilimia 31 ya wanaume walikuwa wamejipunguzia kazi kimyakimya. Walichukua wateja wa karibu na nyumbani, wakazibana safari, wakaenda kwenye michezo ya watoto bila kumuaga mtu. Mabosi wakaendelea kuwahesabu kuwa ni majembe! Wanaume waliokwenda kwa mlango wa mbele wakaomba rasmi kupunguziwa, hao ndio waliokatwa kwenye tathmini. Kazi inayopungua ni ileile, aliyeadhibiwa ni aliyesema ukweli. Shirika la namna hiyo linazalisha waongo stadi, na halafu linashangaa taarifa zake hazina ukweli.

Kwa washauri wa biashara uongo huo unagharimu fedha. Kwenu unagharimu vidole na roho za watu. Takwimu rasmi za England za miaka 2011 hadi 2015 zilionyesha kwamba vibarua wa kiume wasio na ujuzi maalumu, hasa wa ujenzi, walikuwa na hatari ya kufa kwa kujiua mara tatu ya wastani wa wanaume wa nchi hiyo. Sitaliongeza chumvi hilo. Ila nitasema kwamba tunakagua kamba za usalama za kila mtu kila asubuhi, na hatumuulizi aliyeivaa hali yake.

Wengine watasema wanaume hawabadiliki. Watafiti Robin Ely na Debra Meyerson walikwenda kwenye majukwaa mawili ya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico, mahali ambapo zamani mwenye sauti kubwa na kifua kipana ndiye aliyekuwa kiongozi. Kampuni ilikuwa imeamua kwa dhati kupunguza ajali, na njia iliyochukua iliwashangaza wengi: watu walitakiwa waseme wazi wakikosea, waombe msaada wasipojua, na waeleze kama kuna jambo la nyumbani linalowasumbua kabla hawajashika mtambo. Wanaume wa mafuta, jamani, wakianza zamu kwa kusema mtoto wangu anaumwa, akili yangu haiko hapa. Katika miaka 15 ya mabadiliko hayo kiwango cha ajali cha kampuni kilishuka kwa asilimia 84, na uzalishaji haukushuka, ulipanda. Hakuna aliyepoteza uanaume wake kule. Kilichobadilika ni kitu kinachomfanya mtu aheshimiwe.

Linganisheni na kikao cha asubuhi ninachokijua. Watu wamesimama duara, fomeni anasoma karatasi, anaangalia saa, macho yakiwa kwenye simu anauliza, "Kuna mwenye tatizo?" Kimya. "Haya, kazini." Hilo swali halikuulizwa ili lijibiwe. Kuna fomeni mmoja niliyemwona akilifanya tofauti. Alianza na yeye mwenyewe: "Mimi jana nimelala masaa manne tu, mtoto anaota meno. Leo sipandi juu, nitasimamia chini. Nani mwingine kalala chini ya masaa matano?" Mikono miwili ikainuka. Akawabadilishia kazi palepale, bila mahubiri, na kikao hakikurefuka.

Kuhusu ubaba nitapita haraka, ingawa ningeweza kulalama hadi jioni. Norway ilitenga wiki 4 za likizo ya uzazi kwa baba mwaka 1993, na sharti likawa kwamba asipozichukua zinapotea. Kabla ya hapo waliochukua walikuwa wachache mno, na baada ya miaka michache ilikuwa ndiyo kawaida ya akina baba. Japani sheria inampa baba likizo ndefu kuliko nchi nyingi, lakini hadi 2022 hawakufika mmoja kati ya watano waliozitumia. Uchunguzi wa huko uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wanaume wengi walizitaka, ila kila mmoja aliamini wenzake wangemcheka. Wenzake nao waliamini hivyohivyo. Kumbe wote wanaogopana bure. Sheria ikisema "ukitaka," mwanaume anasikia "usithubutu." Ikisema "usipochukua inapotea," anachukua, na ana kisingizio cha kuwaambia wenzake.

Najua kuna mtu amekaa hapo anasema moyoni: mzungumzaji huyu hajataja fedha. Nataja. Mtu ambaye mshahara wake wa msingi hautoshi mpaka aongeze ovataimu, huyo usimhubirie mapumziko. Ovataimu yake ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Ukimpunguzia masaa bila kugusa mshahara, umemwadhibu, na ataenda kutafuta kibarua kingine usiku. Waashi wa 1856 walilijua hili, ndiyo maana walidai masaa na ujira kwa pamoja. Iceland ilipofanya majaribio kati ya 2015 na 2019 ya kupunguza wiki ya kazi kutoka saa 40 hadi 35 au 36, kwa wafanyakazi zaidi ya 2,500, malipo hayakukatwa, na sehemu nyingi kazi ilikwenda kama kawaida au vizuri zaidi. Mwajiri anayesema "wenyewe ndio wanaotaka ovataimu" anasema kweli, na anajua kwa nini wanaitaka.

Na mwajiri mwingine ataniambia hapati wanawake wa kuajiri kwenye kazi hizi. Atazame rosta yake. Ratiba inayodhani kila mfanyakazi ana mtu mwingine nyumbani wa kulea, kupika na kuuguza, imeshawafungia mlango wanawake, na baba anayelea peke yake imemfungia vilevile.

Wasimamizi, nina maombi kwenu, na sitaki makofi, nataka mwenye daftari aandike. Rosta ibandikwe wiki mbili kabla, na anayeibadilisha baada ya hapo aeleze sababu kwa maandishi. Muda wa kukabidhiana zamu uingie kwenye masaa yanayolipwa. Wafanyakazi wabadilishane zamu kwa kumjulisha nyapara tu, mradi wana ujuzi sawa. Na kesho asubuhi kwenye kikao, fomeni aseme yeye kwanza amelala kiasi gani. Haya manne hayahitaji bodi ya wakurugenzi. La mishahara linaihitaji, na chama cha wafanyakazi wako hapa, nawaachia.

Mwenyekiti ameniashiria muda. Tuingie kwenye maswali, na naomba tuanze na wa zamu ya usiku, wapate kuondoka wakalale. Yule kijana wa fulana ya bluu, uliyesinzia tangu kwenye habari za Melbourne, sikulaumu hata kidogo. Uliza.